Dehen Hakuvua Viatu

Kitendawili! Najua mmeshaitikia tega, basi sikilizeni vizuri: nyumba yangu inaungua sakafu, paa halina habari.

Mtu aliyekulia Palangka Raya hahangaiki na jibu. Ni ardhi yetu hiyo. Udongo wetu mweusi ni majani na mizizi iliyooza tangu enzi za mababu, na kiangazi kikikaza unashika moto kwa chini. Moto unatambaa humo gizani kama mwizi, na huko juu majani yamesimama tu, kijani, yanapunga upepo. Wanaokwenda kuuzima moto wa namna hiyo ndio fahari ya mji wetu. Kisa hiki ni cha wawili kati yao. Mmoja alishika fimbo porini, mwingine alishika redio ya upepo mjini.

Walikutana Soko Kuu, asubuhi ya Jumamosi, moshi umetanda mpaka wauza samaki wamewasha taa. Hermina alikuwa amevaa blauzi ya batiki ya michoro ya kwetu, ya kijani na njano, nywele kazifunga fundo, barakoa ameishusha kidevuni ili abishane bei vizuri. Mkono wake ulikuwa juu ya fungu la mwisho la machipukizi ya henzirani, yale ya kupikia mchuzi wa samaki, wakati mkono mwingine, mkubwa na mweusi kwa masizi, ulipotua juu ya fungu lilelile.

"Dada, hilo nimeshalichukua."

"Umelichukua kwa macho. Mimi nimelichukua kwa mkono."

Hermina aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jekundu la zimamoto, shingoni taulo, majivu mpaka kwenye kope. Nyuma yake wenzake wamebeba magunia ya mchele na samaki wakavu.

"Nina kambi nzima ya wanaume wenye njaa," kijana alibembeleza.

"Na mimi nina mama mmoja. Ungemjua, ungeona kambi yako si kitu."

"Gawaneni," alisema mwenye meza, "au oaneni. Ila mniachie meza yangu, wateja wanapita."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akainua mikono juu. "Haya, hakuna neno, hakuna neno. Chukua, dada."

Hermina akaganda. Sauti ile aliijua. Kila jioni, akiwa ofisini kwake mbele ya redio, alikuwa akizipigia kambi zote moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile: kuna aliyeumia? Na kila jioni kambi moja ilijibu kwa mbwembwe kuliko zote.

"Wote wazima," akasema polepole, "hata paka wa jikoni?"

Kijana aliangusha pilipili alizoshika. "Wewe ndiye Ofisi?"

"Mimi ndiye Ofisi. Na wewe ni Kambi ya Mfereji Mweusi."

"Mungu wangu! Nilidhani Ofisi ni mama mtu mzima mwenye miwani."

"Mimi nilidhani Mfereji Mweusi ni mnene. Anavyojisifu vile!"

Wenzake wakapiga makofi. Mmoja wao, Jainal, alipiga makofi kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umefungwa kitambaa. Hermina akaona.

"Na huo mkono, kaka?"

"Jikoni, dada," Jainal alijibu haraka mno. "Mafuta ya kukaangia."

"Mnakaangia na majivu? Naona yamefika kwenye kiwiko."

"Dada, jina lako nani?" kijana akaingilia. "Mimi Dehen. Siwezi kuendelea kumwita mtoto mzuri namna hii Ofisi."

Hermina akamtajia jina, akamtajia na namba ya simu. La mkono wa Jainal akaliacha lipite. Soko si ofisi, alijiambia.

Niwaambie kidogo kazi ya Hermina, maana ndiyo iliyoleta yote. Mzimamoto akiumia vibaya, mkuu wa kambi yake anatakiwa kumwambia Hermina kabla jua halijazama. Hermina anaandika nani, wapi, ilikuwaje, na jioni hiyohiyo anawasomea wote kwenye redio, kambi kwa kambi, ili shimo lililommeza huyu leo lisimmeze yule kesho. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro: wanaume hawakupenda kusomwa. Ofisini kulikuwa na bendera ya njano, na mvua zikianza ilikabidhiwa kambi ambayo haikuumiza mtu kiangazi kizima. Mwaka uliotangulia Mfereji Mweusi walisema kila aliyeumia, wa kuungua na wa kuangukiwa na mti, na malipo yao yakawa jina. Kambi nyingine ziliwabatiza Kambi ya Viwete. Dehen alipopewa ukuu wa kambi ile, aliapa bendera itafungwa kwenye mlingoti wake.

Basi simu zikaanza. Jioni Hermina aliuliza kama Ofisi, na akishafika nyumbani Dehen alimpigia kama Dehen.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mpenzi wangu, akishasikia sijambo ananizimia."

"Redio!"

"Si redio, ni wewe. Kila jioni nikisema wote wazima, unasema asante na kuzima. Hata kuniuliza nimekula!"

"Umekula?"

"Sijala. Mtu fulani alininyang'anya machipukizi."

"Jumapili njoo nyumbani uyale. Mama anataka kumwona huyu mwenye kumfanya binti yake acheke na ukuta."

"Mama ni mkali?"

"Mama yangu? Njoo na samaki mkubwa."

Mama Hermina alipika tangu alfajiri. Mchuzi wa henzirani, kisamvu kilichotwangwa na biringanya ndogo za porini, samaki wa kuchachushwa aliyekaangwa mpaka jirani wakachungulia. Sakafu ya mbao aliisugua hadi ikang'aa, akatandika mkeka mpya. Hermina alivaa gauni la bluu lililomkaa kiunoni na hereni za shanga alizoachiwa na bibi yake.

Dehen alifika na pikipiki, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali nyeusi, samaki mkubwa mkononi. Miguuni alivaa buti. Alipanda ngazi taratibu, akishika mbao za pembeni kama mzee, akasalimia kwa adabu, akatoa samaki. Halafu akasimama palepale mlangoni.

"Karibu ndani, mwanangu," alisema Mama Hermina.

"Asante mama. Nitakaa hapahapa barazani, pana upepo."

"Upepo gani? Ni moshi huo. Vua viatu uingie."

"Hapa panatosha, mama."

Mama Hermina alimtazama usoni, akamtazama miguuni. Kwetu hata gavana anavua viatu mlangoni, na mtu anayekataa kuvua ni kama amesema nyumba yako chafu.

"Barazani kwangu wanakaa wauza samaki," akasema. "Na wewe samaki wako nimeshampokea." Akaingia ndani, na sufuria jikoni zikaanza kusema.

Hermina alisimama, uso umemwiva kwa aibu. "Dehen, unataka kuniua? Mama kapika tangu usiku!"

"Nisamehe, mpenzi. Nitarudi siku nyingine."

Akageuka kushuka. Ngazi ya kwanza ikamshinda. Mguu wa kushoto haukukunjika, na alikanyaga kwa ncha ya kidole kama mtu anayepita kwenye miiba. Hapo hasira yote ya Hermina ikakatika. Alishuka, akachuchumaa mbele yake na gauni lake lile, akaweka kiganja juu ya buti. Lilikuwa la moto. Na lilikuwa linanuka.

"Umeungua."

"Hapana."

"Dehen, ninasikiliza watu walioungua tangu nimeanza kazi. Umeungua lini?"

Dehen akaangalia barabarani. "Unaniuliza kama mpenzi au kama Ofisi?"

"Nakuuliza kama mtu mwenye pua."

Akakaa kwenye ngazi, akasema. Ilikuwa juzi yake. Walikuwa wakivuta mpira wa maji kando ya mfereji, na njiani palikuwa na kipande chenye majani mabichi, kijani kizuri. Kila mzimamoto wa kwetu anakwenda na fimbo ndefu, anaichoma chini kwanza, ikizama anarudi, ikigoma anakanyaga. Lakini penye kijani hakuna anayechoma. Wote wanaamini penye kijani pana maji. Dehen alikanyaga, ardhi ikafunguka, mguu ukazama gotini kwenye tope linalochemka, na tope likaingia ndani ya buti. Walimvuta, wakammwagia maji. Akawaambia wote wafunge midomo. Jioni kwenye redio alisema hakuna neno, hata paka wa jikoni.

"Buti hulivui?"

"Nikilivua halirudi. Vijana wataona. Mvua iko karibu, Hermina. Bendera ni yetu. Nivumilie kidogo tu."

"Twende hospitali sasa hivi."

"Siendi. Na hili nimekuambia wewe. Sijaiambia Ofisi."

Akapanda pikipiki, akaondoka.

Hermina alibaki kwenye ngazi mpaka mama yake akatoka. "Kijana gani yule," Mama Hermina akaanza, "anaingia kwa watu kama askari wa mkoloni..." Akaona uso wa binti yake, akaketi kando yake.

"Mama, nikisema nitampoteza."

"Na usiposema?"

Hermina alikwenda ndani, akavua hereni, akavaa sare ya kazi, Jumapili ileile. Jioni sauti yake ikatoka kwenye redio za kambi zote, na walioisikia wanasema haikutetemeka hata kidogo.

"Kambi ya Mfereji Mweusi. Mkuu wa kambi, Dehen. Ameungua vibaya mguu wa kushoto. Alikanyaga penye kijani kando ya mfereji bila kuchoma fimbo, kwa sababu wote tunaamini penye kijani ni salama. Si salama. Moto umepita chini. Kuanzia kesho chomeni fimbo kila hatua, hata penye kijani. Narudia, hata penye kijani."

Gari la ofisi lilimchukua Dehen kambini mbele ya vijana wake, akibishana mpaka mlango ulipofungwa. Hospitalini walilikata buti kwa mkasi, maana kulivua kulishindikana. Daktari alipoona kilichokuwa ndani alisema maneno machache: angechelewa kidogo tu, wangeukata mguu.

Simu ya Hermina ikaita.

"Nimekuambia kwenye ngazi ya kwenu, Hermina. Kwenye ngazi ya kwenu! Na wewe umenitangaza kama samaki sokoni."

"Mguu wako ukoje?"

"Vijana walikuwa wanalia. Bendera imekwenda. Tumerudi kuwa Kambi ya Viwete, na aliyeturudisha ni wewe."

"Nimekuuliza mguu wako."

"Muulize daktari. Mwandikie na ripoti."

Akakata. Hermina alilia akiwa amejifunga khanga ya usingizi ya mama yake, akalia vya kutosha, kisha akanawa. Kuomba msamaha hakuomba. Kosa lenyewe halioni, angeliombea nini? Kesho yake alikwenda hospitali na chakula. Alipofika mlangoni, Dehen akageukia ukutani.

"Sista, mwambie Ofisi nimelala."

"Ofisi imesikia," alisema Hermina, akaweka bakuli la mchuzi wa henzirani mezani, akaondoka akitembea wima. Nesi anasema mgonjwa alilala hivyo mpaka hatua zilipopotea, halafu akalikomba bakuli hadi akalilamba.

Usiku huo Hermina alimtumia ujumbe: *Kitendawili. Nikikificha kinaoza, nikikiweka wazi kinapona.* Hakujibiwa. Hakutuma kingine.

Mvua zikaja. Palangka Raya tukatoka nje kuzipokea kama wageni, watoto uchi, wazee na ndoo. Moshi ukashuka, mto Kahayan ukaonekana tena, na kambi zote zikaitwa uwanjani kwa gwaride la kufunga msimu. Uwanja ulikuwa mwekundu kwa mashati. Hermina alikaa mezani chini ya turubai, batiki yake ya kijani na njano, mbele yake karatasi za ripoti. Dehen alisimama nyuma kabisa na kambi yake, gongo kwapani, mguu mmoja buti, mguu mwingine ndala na bendeji. Hawakutazamana. Yaani, kila mmoja alitazama wakati mwenzake hatazami.

Bendera ya njano ilikwenda Kambi ya Daraja. Mkuu wao alikuwa Sahrani, mtu mnene mwenye masharubu, ambaye mwaka uliotangulia ndiye aliyelitunga jina la Viwete. Akatoka mbele watu wakishangilia. Lakini mkononi alikuwa na fimbo yake, na fimbo ile upande wa chini ilikuwa mkaa mtupu.

Mkurugenzi akamnyooshea bendera. Sahrani hakuipokea. Akaomba kipaza sauti.

"Niwaulize," akasema. "Nani hapa, kabla ya ile jioni ya redio, alikuwa akichoma fimbo penye kijani?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Hata mimi. Asubuhi yake tu baada ya kusikia redio nilikuwa natangulia vijana wangu, kando ya mfereji, pazuri, kijani. Nikasema ngoja, yule dada amerudia mara mbili. Nikachoma. Fimbo ikazama mpaka hapa." Akaonyesha karibu na kiganja. "Ikatoka inafuka moshi. Jamani, nitazameni nilivyo. Ningezama mimi, nani angenivuta?"

Uwanja ukaangua kicheko, na Sahrani mwenyewe akacheka, halafu akafuta macho na hayakuwa machozi ya kicheko.

"Bendera hii tumeipata kwa mguu wa mtu mwingine. Mwenye mguu aje mbele."

Dehen hakusogea. Jainal akamsukuma mgongoni. Akaenda, gongo na ndala, taratibu, uwanja mzima ukimsubiri. Sahrani akampa ile fimbo iliyoungua, akamwinamia. Dehen alipitisha kidole kwenye mkaa ule, juu, chini. Halafu akageukia turubai.

"Ofisi!"

Hermina akasimama. Sauti ilikuwa ileile ya redioni. "Nakusikia, Mfereji Mweusi."

"Ripoti yangu ina upungufu."

"Upi?"

"Uliandika niliungua. Hukuandika kwamba nilificha, na kwamba niliwaambia vijana wangu wafiche, na kwamba ningewaongoza watu wa Sahrani kwenye shimo kwa mdomo wangu, kila jioni, hakuna neno, hakuna neno. Andika. Jainal! Njoo na mkono wako."

"Ule ni wa jikoni..." alianza Jainal.

"Jainal!"

"Haya, si wa jikoni! Ni pampu. Pampu zile mpya zinatema maji ya moto ukizizima ghafla."

"Pampu zipi?" sauti ikatoka Kambi ya Daraja. "Hizi za bluu? Hata mimi zimenichoma kifua!"

"Na mimi!"

"Mimi mgongo, mti uliniangukia, nilisema nimelala vibaya!"

Basi ikawa vurugu tamu. Wanaume wazima wakatoka kwenye mistari ya gwaride, mashati yakipandishwa, suruali zikikunjwa, wakajipanga foleni mbele ya meza ya Hermina kuonyesha makovu waliyoyaficha mpaka kwa wake zao. Mkurugenzi alibaki na bendera mkononi, hakuna aliyeitaka. Wanasema siku hizi mkewe ameitandika mezani. Hermina aliandika mpaka karatasi zikaisha, akageuza za zamani akaandika nyuma, na kila aliyefika alimwita kwa jina lake na kumpa pole. Kichwa alikiinua juu. Sijawahi kumwona mtoto wa mjini kwetu amependeza kama siku ile.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa na gongo.

"Jina?" aliuliza Hermina bila kuinua macho.

"Unalijua."

"Jina, kaka. Watu wanasubiri."

"Hakuna mtu nyuma yangu. Dehen."

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nimekuja na jibu la kitendawili. Ni kidonda."

"Umechelewa kulijibu."

"Nimechelewa kila kitu, Hermina. Ndiyo maana hili lingine naliripoti kabla halijatokea." Akameza mate, yeye mwenye maneno mengi redioni. "Jumapili nitakuja kwenu na wazee wangu kukuposa. Nitavua viatu."

Hermina aliandika polepole, neno kwa neno, huku mdomo unamcheza. "Wazee wangapi?"

"Wote. Na Sahrani, kalazimisha."

"Na paka wa jikoni?"

"Naye."

Jumapili ilikuwa na jua safi lililooshwa. Walikuja na fimbo ile iliyoungua mbele kama mkuki tunaoutanguliza kwenye harusi zetu, Sahrani akiwa ndani ya shati la hariri lililokaribia kukatika vifungo, na majirani wote barazani kwao. Dehen alipanda ngazi bila gongo. Mlangoni alisimama Mama Hermina, mikono kiunoni, na nyuma ya bega lake gauni la bluu na hereni za shanga.

Dehen aliinama. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akakivua, akavua na soksi. Mguu ukatokea mbele ya watu wote, kovu jekundu linalong'aa kutoka vidoleni mpaka lilipopotelea ndani ya suruali. Majirani wakaguna. Mama Hermina akautazama kwa muda, akachukua kata ya maji kutoka mtungini, akaunyunyizia kama tunavyomnyunyizia mtu anayeingizwa kwenye ukoo.

"Mguu wa mwanangu huo," akawaambia majirani kwa sauti. "Utazameni vizuri, mkawasimulie."

Dehen akaweka mguu ule ndani. Mama Hermina akaziba mlango kwa mkono.

"Na kiatu cha pili, mwanangu. Kwangu hatuingii nusu."